Kutoka Nakuru hadi Mlima Elgon na Kurudi kwa Kisumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasafiri wanaotaka kutoka Nakuru kwa gari, kuvuka Bonde la Kerio, kupanda Mlima Elgon kwa miguu, na kurudi nyumbani kwa njia ya Kakamega, Kisumu na Kericho. Mwenye haraka ya kufika hayatamfaa sana, kwa sababu sehemu kubwa ya utamu wa mzunguko huu iko mahali ambapo gari limesimama.

Safari inapita wapi hasa?

Unatoka Nakuru kuelekea kaskazini kwa barabara ya Marigat, na muda si mrefu unavuka ikweta pale Mogotio. Kutoka Marigat, ambako ni kama kilomita 100 kutoka Nakuru, barabara inageukia magharibi na kupanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, kisha inateremka hadi chini kabisa katika Bonde la Kerio na kupanda tena ukingo wa Elgeyo kupitia Tambach hadi Iten. Ukifika Iten una njia mbili: kufuata nyanda za juu kwa Chebiemit, Kapsowar na Kapcherop, au kupitia Eldoret ikiwa mvua imeharibu barabara za milimani. Zote mbili zinakufikisha Kitale, mji ambao ndio kituo cha kuupandia Mlima Elgon. Wakati wa kurudi unapitia Webuye, Kakamega na Kisumu, halafu unapanda Kericho na kuingia barabara kuu pale Mau Summit.

Kwa nini nisifuate tu barabara kuu ya Eldoret?

Unaweza kuifuata, na utafika Kitale siku hiyo hiyo. Lakini sehemu ya kutoka Nakuru hadi Mau Summit, hasa karibu na Salgaa, ina malori mengi yanayopanda na kushuka kwa uzito wote wa mizigo ya Uganda, na eneo hilo limejulikana kwa ajali mbaya kwa miaka mingi. Dereva anayepita huko macho yake yako kwenye lori la mbele na kioo cha nyuma. Mandhari anasimuliwa na abiria wake.

Njia ya Kabarnet ni ndefu kwa saa, ina kona nyingi, na magari ni machache. Kabarnet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sakafu ya bonde iko karibu nusu ya kimo hicho, na Iten iko mita 2,400. Kwa hiyo, katika mwendo usiofika kilomita 60 kwa mzunguko wote wa kona zake, unatoka kwenye baridi ya sweta, unaingia kwenye joto la migunga na vichuguu, na unarudi kwenye baridi tena kabla ya chakula cha mchana. Sijui barabara nyingine ya lami nchini inayobadilisha hewa upesi namna hiyo.

Haki itendeke hata hivyo: barabara kuu ina Timboroa, ambapo reli ya kwenda Uganda hupanda zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ambapo viazi, kabichi na karoti huuzwa kando ya barabara kwa magunia na kwa mafungu. Anayependa reli au viazi atapata sababu ya kusimama.

Ninahitaji siku ngapi?

Siku saba zinatosha na siku tano zinabana. Kwa siku tatu ni bora uchague nusu moja ya mzunguko, ama Kerio na Iten, ama Kakamega na Kisumu, na kuiachia Elgon likizo nyingine. Kosa linalowapata wengi ni kujaza ratiba kwa majina ya vilele, wakapanda mlima leo na kesho tena, na kati yake wakaendesha gari saa sita. Miguu huchoka, na dereva aliyechoka miguu hukanyaga breki kwa kuchelewa. Weka siku moja isiyo na mpango wowote baada ya kila mlima mkubwa.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa?

Desemba hadi Februari. Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na upande wa magharibi, tofauti na Nairobi au Machakos, mvua haikauki katikati ya mwaka. Agosti inaweza kunyesha vizuri tu. Kakamega hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Kericho hupenda kunyesha alasiri, mara nyingi kwa mvua ya mawe. Hata katika kiangazi, basi, panga kutembea asubuhi na kuwa chini ya paa ifikapo saa nane mchana.

Je, gari dogo la kawaida linatosha?

Kwa mzunguko wenyewe, ndiyo. Kwa mlima wenyewe, hapana. Lami inafika Kabarnet, Iten, Kitale, Kakamega na Kisumu bila taabu, na ukipitia Eldoret huhitaji zaidi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon barabara ni ya udongo, na baada ya mvua udongo huo huteleza hata kwa gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne. Wasafiri wengi huliacha gari lao Kitale na kukodi lingine pamoja na dereva anayeijua barabara ya mlimani, jambo ambalo kwa maoni yangu ni la busara kuliko kujipima nguvu kwenye tope.

Kwenye mteremko wa Tambach, au ule wa kutoka Kabarnet kwenda bondeni, shuka kwa gia ya pili na uiache injini ishike mwendo. Breki zinazokanyagwa kwa kilomita kumi mfululizo hupata moto, na harufu yake utaisikia kabla ya kuona moshi. Jaza mafuta Nakuru, kisha Kabarnet au Iten, na usiingie Elgon kabla ya kujaza Kitale.

Na asiye na gari?

Matatu zinatoka Nakuru kwenda Kabarnet, na kutoka Kabarnet nyingine zinapita Iten kwenda Eldoret. Kutoka Eldoret hadi Kitale, na Kitale hadi Kakamega na Kisumu, magari hayakosekani mchana kutwa. Ugumu uko katika kilomita za mwisho: kutoka Kitale unapanda matatu ya Endebess, na kutoka hapo unachukua bodaboda hadi Lango la Chorlim. Panga bei kabla ya kupanda, na panga pia kurudishwa, kwa kuwa langoni hakuna kituo cha pikipiki. Anayesafiri kwa matatu hupoteza uhuru wa kusimama apendapo, lakini hupata mazungumzo, na kondakta wa njia ya Kabarnet anaweza kukueleza bonde lote kuliko kitabu.

Kabla ya Elgon, mwili uuandae wapi?

Anzia nyumbani. Ukingo wa Menengai, unaofika mita 2,278, uko juu ya jiji la Nakuru, na ukisimama pale unatazama shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 hivi kwa 8, sakafu yake ikiwa na lava nyeusi na, siku hizi, mvuke wa visima vya umeme wa jotoardhi. Tembea kwa miguu kutoka chini badala ya kupelekwa hadi juu kwa gari. Ni kipimo kizuri cha pafu na cha viatu vipya.

Baada ya hapo lala Iten usiku mmoja au miwili. Kimo chake kinauzoesha mwili hewa nyepesi, na mji wenyewe ni shule. Hapo ndipo ilipo Shule ya Upili ya Mtakatifu Patrick, ambako Bradha Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 na kulea wakimbiaji wengi, akiwemo David Rudisha aliyeshinda mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Amka saa kumi na mbili asubuhi usimame kando ya barabara ya udongo. Makundi yatapita mbele yako, hatua zao zikisikika pamoja, na hakuna atakayekudai kiingilio. Alhamisi asubuhi kundi huwa kubwa zaidi, kwa mazoezi ya kubadilisha kasi. Ukijaribu kuwafuata utaelewa maana ya mita 2,400 kabla ya kufika kona ya pili.

Kilele cha Koitobos kinapandwaje?

Mlima Elgon ni volkano iliyozimika, iliyokaa mpakani. Kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wa Kenya kilele kinachopandwa ni Koitobos, mita 4,222, ambacho juu yake ni tambarare kama meza. Hifadhi ya upande wetu ilitangazwa mwaka 1968 na ina kilomita 169 za mraba.

Kutoka Lango la Chorlim barabara ya udongo inapanda ndani ya msitu wa podo na mierezi, inaingia kwenye mianzi, kisha miti inapungua na nyasi ndefu zinaanza. Ikiwa hali ya barabara ni nzuri, gari linaweza kukufikisha karibu mita 3,500, na kutoka hapo ni kutembea. Wenye afya hufika kileleni kwa saa tatu au nne na kurudi kabla ya giza, ila afadhali kulala kambini usiku mmoja kwenye kimo hicho na kuanza alfajiri. Usipande bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Nyati ndio sababu ya kwanza, na ukungu ni ya pili: unaweza kuona kilele wazi saa tatu asubuhi na saa tano usione kiatu chako.

Juu ya mita 3,500 utakutana na mimea ambayo watu hupiga picha kuliko kilele chenyewe, yaani lobelia kubwa na zile senesio zenye shina nene na kichwa cha majani, zinazomzidi mtu kwa urefu. Zimevaa majani yao makavu yaliyokufa kuzunguka shina ili baridi ya usiku isiziue. Ukiumwa kichwa na kutapika, shuka. Dawa ya ugonjwa wa kimo ni kushuka, na hakuna askari atakayekucheka.

Ni mlima unaopuuzwa, na sijui kwa nini. Wageni wengi hukimbilia Mlima Kenya, nasi tunawafuata, wakati Elgon inaweza kukupa siku nzima bila kukutana na kundi lingine la wapandaji.

Ni kweli kwamba ndovu huingia mapangoni?

Ni kweli. Pango la Kitum linaingia takriban mita 200 ndani ya mlima, na ndovu wameingia humo gizani kwa vizazi vingi kutafuta chumvi, wakichimba kuta kwa pembe zao na kuutafuna mwamba uliovunjika. Alama za pembe zinaonekana kwa tochi. Pango la Makingeny, lililo karibu, lina maporomoko membamba ya maji mbele ya mlango wake.

Jambo moja lazima lisemwe waziwazi. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni wawili waliokuwa wametembelea Kitum waliugua homa ya Marburg na kufa, na popo wa matunda ndio wanaobeba virusi hivyo. Mlangoni kuna mengi ya kuona. Anayeingia ndani asiguse popo wala kinyesi chao, asile chochote humo, afunike pua na mdomo, na anawe mikono anapotoka. Watoto wadogo wabaki nje.

Vipi kuhusu Cherangani?

Milima ya Cherangani haikutokana na volkano bali na kuinuliwa kwa ardhi, na kwa hiyo haina kilele kimoja cha kuvutia macho. Ina migongo mirefu ya kijani inayozidi mita 3,000, mashamba ya viazi, kondoo, na vijito baridi. Inamfaa anayependa kutembea kijiji hadi kijiji kuliko anayetafuta kilele cha kupigia picha. Mtafute mwenyeji wa kukuongoza, Kapcherop au Kapsowar, umlipe ipasavyo, na uwaombe wenye mashamba ruhusa ya kupita.

Hizo raha ndogo zisizotarajiwa ni zipi?

Zikitajwa zote hazitakuwa zisizotarajiwa, lakini chache hazitaharibika kwa kutajwa.

Njia ya kwanza ya kuchepuka ni Ziwa Bogoria, karibu na Marigat, ambapo chemchemi za Loburu hurusha maji yanayochemka. Wenyeji na wanafunzi wa ziara huchemshia mayai humo. Wewe simama mbali na ukingo, kwa sababu ardhi ni nyembamba mahali pengine. Ziwa limepanda miaka ya karibuni, kama maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na limemeza sehemu ya barabara ya zamani, kwa hiyo uliza langoni gari linafika wapi.

Chini kabisa ya Bonde la Kerio, kabla ya kuanza kupanda Tambach, utavuka daraja la Cheploch. Mto Kerio umeukata mwamba ukawa korongo jembamba, na vijana wa hapo huruka kutoka juu ya majabali hadi majini huku abiria wakishikilia vyuma vya daraja kwa hofu. Wanatarajia kitu kidogo, na wanastahili, patana kwanza. Msimu wa maembe utayapata hapo barabarani kwa bei ambayo mtu wa Nakuru ataidhania ni utani, na asali ya Baringo huuzwa kwenye chupa njia nzima.

Iten, omba mursik, yaani maziwa ya mgando, iliyolala kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya mti, na unywe polepole. Kati ya Januari na Machi utaona watu wakining'inia chini ya miavuli ya rangi juu ya bonde, wakizunguka na tai.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni Saiwa. Iko kaskazini ya Kitale, nje kidogo ya barabara ya Kapenguria, na ndiyo hifadhi ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini: takriban kilomita 3 za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya kinamasi bila kuzama. Magari hayaingii. Unatembea juu ya mbao, unapanda jukwaa, unakaa kimya. Nzohe akishtuka hujizamisha majini akaacha pua tu. Juu ya miti kuna kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na uso wa mzee aliyekatizwa usingizi. Nenda alfajiri au jioni. Mchana utaona matete peke yake.

Msitu wa Kakamega unahitaji siku nzima?

Nusu siku ya kutembea na usiku mmoja wa kulala. Huu ni mfano pekee nchini wa misitu ya mvua ya aina ya Kongo, na una sehemu mbili zenye usimamizi tofauti: Isecheno upande wa kusini, chini ya Shirika la Huduma za Misitu, na Buyangu upande wa kaskazini, ambayo ni hifadhi ya KWS. Ukilala Isecheno, mwombe kiongozi akupeleke Kilima cha Lirhanda kabla ya jua kuchomoza. Si kupanda kwa jasho, na msitu wote utauona ukiwa umefunikwa na ukungu. Viongozi wa hapo huwatambua ndege kwa sauti, na wakikuambia unyamaze, nyamaza. Ukitoka, nunua mukombero kando ya barabara. Ni mzizi unaotafunwa, mkali kidogo mwanzoni na mtamu baadaye, na wauzaji wana maelezo marefu kuhusu faida zake kwa wanaume.

Njiani kwenda Kisumu, pale Ilesi, utaliona Jiwe Linalolia, mwamba mrefu wenye jiwe jingine kichwani, maji yakiwa yamechora alama ubavuni.

Kisumu nifanye nini baada ya siku zote za baridi?

Kula samaki. Agiza ngege mzima aliyekaangwa kisha akapikwa kwa mchuzi, pamoja na ugali na mboga za kienyeji, na ule kwa mkono, karibu na maji. Jioni nenda ufuo wa Dunga, ambapo wavuvi wenyewe huwatembeza wageni kwa mashua kuangalia viboko na jua likizama ziwani. Mwenye miguu bado ataendesha kama kilomita 30 kwa barabara ya Bondo hadi Kit Mikayi, majabali makubwa yaliyopandana, ambapo unaweza kupenya na kupanda kati ya mawe. Watu husali hapo, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria. Ukikuta ibada, subiri au pita mbali, na usipige picha bila kuomba.

Njia hii ni salama?

Barabara kuu zilizotajwa hapa husafiriwa kila siku. Hata hivyo, sehemu za kaskazini za Bonde la Kerio na za Baringo, kuelekea Tot, Kapedo na Tiaty, zimekuwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo, na hazimo katika mzunguko huu. Kabla ya kuondoka Marigat au Kabarnet, waulize madereva wa matatu hali ya njia; wao hujua mapema. Usiendeshe usiku, ambapo hatari za kawaida ni ukungu, ng'ombe na lori lililoharibika bila taa.

Malipo hufanywaje?

Hifadhi za KWS, yaani Elgon, Saiwa na Buyangu, hulipiwa kwa njia ya kielektroniki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na raia anahitaji kitambulisho. Lipia ukiwa mjini, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea karibu na malango. Bogoria iko chini ya serikali ya Kaunti ya Baringo na Isecheno chini ya misitu, kwa hiyo tiketi moja haikufikishi kote. Beba noti ndogo kwa ajili ya maembe, asali na bodaboda.

Nibebe nini?

Koti la mvua, sweta mbili, kofia ya baridi, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, tochi, na blanketi nzito au mfuko wa kulalia ikiwa utapiga kambi Elgon, ambako usiku huweza kuganda. Beba pia chakula cha mlimani kutoka soko la Kitale, ambako mahindi, ndizi na parachichi ni za bei nafuu.

Nirudi Nakuru kwa Kericho au kwa milima ya Nandi?

Kericho ndiyo njia fupi, na majani ya chai huanza kuonekana muda mfupi baada ya kupanda kutoka nyanda za miwa na kuendelea pande zote mbili za barabara. Njia ya Nandi Hills, kupitia Chemelil, ina kona kali za kupanda ukingo wa Nandi, na inakupitisha karibu na kaburi la Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, ambako sasa kuna makumbusho. Ukiwa na mchana mzima, chagua Nandi, utokee Eldoret au urudi Kericho kwa barabara za mashamba ya chai kama hazijanyeshewa. Ukiondoka Kisumu baada ya saa tano, chagua Kericho, kwa sababu mvua ya alasiri haimsubiri mtu, na sehemu ya Mau Summit hadi Salgaa ni afadhali uipite kukiwa bado kweupe.